Fomu ya Chuo na Kuku wa Kishingo

Mzazi akinijia kuniuliza afanyeje, maana mtoto wake amemaliza shule na anang'ang'ania kwenda kusoma muziki chuoni, jibu langu ni moja: saini hiyo fomu leo, kabla hujapata msiba. Wengi hucheka. Wachache huondoka wamenuna, wakidhani nimewaombea mabaya. Mimi simwombei mtu mabaya. Nasema tu yaliyomkuta baba yangu, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka ovyo, ambaye fomu yangu aliisainia mahali ambapo sijapata kusikia mtu mwingine akisainia kitu.

Tuanze na baba mwenyewe. Alikuwa fundi baiskeli hapa Tabora, siku zile ambazo mtu asiye na baiskeli alionekana kama hajamaliza kukua. Kazi haikukosekana, vipuri ndivyo vilivyokosekana. Jumatatu hadi Jumamosi alishinda barazani amechafuka grisi hadi masikioni. Jumapili alivaa suti yake ya kahawia, moja tu, akaenda kuongoza matarumbeta ya kanisa. Sisi ni Wamoravian, na Mmoravian wa huku kwetu hazaliwi, haoi na hazikwi bila matarumbeta. Ya kwetu yaliachwa na wamisionari na yalikuwa yamechoka kuliko wapigaji. Yakitoboka, baba aliyachomelea kwa risasi, na pale risasi iliposhindikana alibandika kiraka cha tyubu. Ukipuliza tarumbeta la kwetu, kabla sauti haijatoka ulipata kwanza harufu ya solusheni, ile gundi ya viraka.

Mimi nilipewa besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalokaa begani na kukuzunguka kiunoni kama chatu. Halikuwa la msichana. Lakini ilikuja operesheni ya kuhamia vijijini, mpiga besi wetu akahamishiwa kijiji cha ujamaa, kijiji kikapata mpiga besi asiye na besi, na sisi tukabaki na besi lisilo na mpigaji. Pasaka ilikuwa wiki tatu mbele. Baba akawajaribu vijana wote wa kanisa, wote wakatoa sauti ya mtu anayeumwa tumbo. Mimi nilikuwa na mapafu, mapafu ya mtoto wa kike aliyepuliza moto wa kuni mbichi tangu ana miaka sita. Nilipuliza mara moja tu, kuku wa jirani wakakimbia.

"Ni ya muda tu," baba akawaambia akina mama wa kanisa walioguna. Ya muda ikawa miaka minne.

Noti alinifundisha mwenyewe, usiku hakuna taa na mchana hana nafasi, kwa hiyo tulisoma alfajiri kabla hajafungua kazi. Nikikosea alinigonga kichwani kwa pampu ya baiskeli. Leo wataalamu wanasema mtoto asipigwe. Ni kweli, asipigwe. Lakini mimi nusu noti na robo noti nazitofautisha hadi kesho.

Mama yake baba, bibi yangu, tuliishi naye nyumba moja. Alikuwa mfupi, mweusi, mnusa ugoro, na mdomo wake haukuwa na mlango. Alibatizwa ukubwani, akasema amekubali kila kitu isipokuwa kunyamaza. Baba yake alikuwa mpagazi, katika wale waliobeba pembe za ndovu kichwani kutoka huku hadi pwani, na bibi alijivunia jambo hilo kuliko ubatizo. Aliponiona mara ya kwanza nimejitwika besi alicheka hadi akakaa chini. "Angalieni! Damu haipotei. Mnyamwezi hata akimsifu Mungu lazima abebe mzigo."

Maneno hayo aliyaiba kwa mtani wetu. Mtani huyo alikuwa mzee wa Kizaramo, mtu wa pwani aliyeletwa Tabora na kazi ya reli enzi za Mwingereza, akastaafu, akasahau kurudi, akawa anauza kahawa karibu na stesheni. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walifika kwao wamechoka na wana njaa, babu zao wakawacheka, mambo yakaanzia hapo. Mtani anaweza kukuita mshenzi mbele ya wakwe zako na huna haki ya kukasirika. Anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu. Na ukifiwa, ndipo kazi yake inapoanza hasa: atakuja kumwigiza marehemu, atawachekesha waliao, kisha ataingia kaburini akae humo, na maiti haishuki mpaka apewe chake. Kawaida ni kuku.

Kila asubuhi mzee huyu alipita kwetu na birika lake la kahawa.

"Bado hujafa, we bibi?"

"Nife nikuachie nani, we mla dagaa?"

"Kufa bwana, nina hamu ya kuku."

Kisha anammiminia kikombe, bure, wanakaa wanatukanana hadi kahawa iishe. Baba hakuupenda utani huo. Alisema mzee wa kanisa hapaswi kuitwa mpagazi mbele ya wateja.

Sasa ikaja sikukuu ya Uhuru, Desemba, mwaka niliomaliza kidato cha nne. Matarumbeta yetu yaliitwa uwanjani kusindikiza gwaride. Baada ya sherehe akanifuata afisa utamaduni wa mkoa, kijana mwenye shati la kitenge na nywele zilizotimka, akauliza nani alinifundisha. Nikamwonyesha baba. Akauliza kama ninajua kuna chuo huko pwani ambako serikali inawasomesha vijana muziki, na wakihitimu wanarudi kufundisha mashuleni. Sikujua. Nilijua muziki unapigwa, sikujua unasomewa. Akanipa fomu. Ilikuwa na swali la kwa nini taifa likusomeshe, nafasi ya saini ya mzazi, na nafasi ya muhuri wa balozi wa nyumba kumi. Mwisho wa Januari ilitakiwa iwe mezani kwake.

Nilikwenda nyumbani siugusi mchanga. Baba alikuwa bado na suti.

"Muziki?" akasema.

"Ndiyo, baba."

"Wa kusomea?"

"Ndiyo, baba."

"Kwani huo unaopiga kanisani ni nini? Maharage?"

Nikajaribu kueleza habari za walimu wa muziki. Akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa ameshaniandalia uuguzi, alikwisha kuongea na mtu hospitalini. Tarumbeta, alisema, ni sadaka. Mtu hatoi sadaka kwa mshahara, wala sadaka haisomewi chuo. Na msichana akisomea ngoma anaishia baa, kwenye madansi, na wapiga dansi wa mji huu tunawajua, gitaa lao na mke wa mtu wanavilaza kitanda kimoja. "Nikiiona tena hiyo karatasi ndani ya nyumba hii, mama yako ataiwashia jiko."

Nilimchukia baba. Nasema wazi, maana ameshatangulia mbele ya haki na haya tulishayaongea. Mtu aliyenitia muziki kichwani kwa pampu, leo ananiambia nikautapike. Nililia siku mbili, siku ya tatu nikampelekea bibi ile fomu.

Bibi hakujua kusoma. Aliigeuza juu chini, akainusa. "Kikaratasi chenyewe hiki? Chembamba hivi?"

"Ndicho hicho, bibi."

"Na hiki ndicho kinachompeleka mtu pwani siku hizi? Baba yangu alipelekwa na fimbo." Akaikunja mara nne, akaiingiza chini ya godoro. "Acha ikae kwangu. Mwanangu hawezi kupekua godoro la mama yake."

Watu huniuliza kwa nini sikughushi saini. Nighushi vipi? Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa ndiye mpiga ngoma kubwa katika bendi ya baba. Kila Jumapili alisaini daftari la mahudhurio chini ya saini ya baba. Angeijua hata gizani. Kilichobaki kilikuwa kumbembeleza baba, na kumbembeleza baba ni kama kulainisha jiwe kwa mate. Nilimtuma mama, akarudi kimya. Nilimtuma mchungaji, akarudi na baiskeli iliyotengenezwa bure na bila jibu.

Januari ikaingia na mvua zake, na bibi akaanza kuugua kifua. Hakuacha ugoro. Siku moja akaniita, akanituma nimkamate kuku wake wa kishingo. Kuku yule alikuwa jike zee, shingo tupu mpaka kifuani, hatagi, hatotoi, na bibi alimpenda kuliko wajukuu. Hakuna aliyeruhusiwa hata kumfukuza jikoni.

"Mpelekee yule mla dagaa," akasema.

"Bibi! Kuku wako?"

"Nimesema mpelekee. Mwambie ndiye huyo."

Nikampeleka nikiwa nalia, maana niliona ugonjwa umeshampanda bibi kichwani. Mzee wa kahawa alimpokea kuku kwa mikono miwili na hakutoa tusi hata moja. Hilo lilinitisha zaidi. Kesho yake akaja kwetu, wakafunga mlango na bibi, na tuliwasikia wakicheka humo ndani hadi bibi akapaliwa.

Baada ya siku tisa bibi akafa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Januari imebaki siku nne.

Hili nililolifanya baadaye sikuwahi kumwambia mama. Wanawake walimtoa bibi kumpeleka uani kumwosha, mimi nikabaki chumbani, nikafunga mlango, nikapekua godoro lake. Bibi hajapoa, mjukuu anatafuta karatasi. Nilipekua chini, nikapekua pembeni, nikapasua mshono nikatia mkono kwenye sufi. Nikakuta sindano na kopo la ugoro. Fomu hakuna. Nikakaa chini sakafuni. Pale nililia kweli, na mwanamke mmoja aliyeingia alinikumbatia akisema pole, ulimpenda mno bibi yako. Nilimpenda, ndiyo. Lakini wakati ule nilikuwa nalilia fomu.

Kumbe ndivyo ilivyokwisha, nikajiambia. Nitakwenda kuchoma watu sindano.

Tulizika Jumamosi mchana. Wingu lilikuwa limesimama upande wa magharibi, jeusi tii, na mchungaji aliliangalia kila baada ya sentensi mbili. Tulipofika makaburini na jeneza, sisi wa matarumbeta mbele, tukamkuta mtani ameshatangulia. Alikuwa amevaa kitenge cha bibi na kilemba chake, ameshika mkongojo wake, anatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto vile vile. Akapiga chafya ya ugoro. Shangazi yangu, aliyekuwa akilia kwa kujigaragaza, akainua kichwa, akamwona, akaangua kicheko na kamasi juu.

"Mnalia nini?" mtani akauliza kwa sauti ya bibi. "Nani kati yenu aliniletea uji jana? Wewe? Thubutu! Wewe hata maji hukunipa."

Watu wakacheka, na waliostahili wakainamisha vichwa. Kisha akapandisha kitenge, akateremka kaburini, akakaa kitako chini. Mtu akampelekea birika lake. Akajimiminia kahawa. Akafungua mwavuli.

Tone la kwanza la mvua lilidondoka kwenye mdomo wa besi langu, nikalisikia likilia tii ndani.

Baba alisogea ukingoni na suti yake ya kahawia. "Haya mtani, tumekuona. Mpeni kuku huyu atoke."

"Kuku nilishakula," sauti ikatoka chini.

"Basi wawili."

"Nina meno matatu, kuku wawili wa nini?"

"Mbuzi?"

"Mpagazi wewe una mbuzi? Umempata wapi?"

Waombolezaji wakaanza kucheka tena. Matone yakawa mengi. Udongo wa ukingoni ulianza kumeguka na kuteremka, wachimbaji wakatazamana. Wakaleta turubai, wakaliinua juu ya jeneza. Baba alikuwa ametoka jasho. Ndipo alipofanya kosa ambalo Mnyamwezi yeyote mwenye akili timamu hafanyi mbele ya Mzaramo: alifungua mdomo kabla hajajua anaombwa nini.

"Sema unachotaka," akasema kwa sauti kuu. "Chochote. Mbele ya hawa wote nimesema nitakupa. Toka tu, mama yangu analowa."

Mtani akaweka kikombe chini. "Mchungaji, umesikia?"

"Nimesikia," mchungaji akasema, macho mawinguni.

"Wazee wa kanisa?"

"Tumesikia."

"Balozi wa nyumba kumi yupo?"

"Nipo hapa," akajibu mpiga ngoma.

Mtani akasimama. Akafungua kilemba cha bibi. Chini ya kilemba kulikuwa na kofia yake, na ndani ya kofia akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya nailoni ikatoka karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikalikumbatia besi. Niliijua mikunjo ile.

"Nataka saini," akasema mtani.

Baba aliipokea, akaikunjua, akaisoma kana kwamba hajawahi kuiona. Kisha akanitazama mimi. Nami nikatikisa kichwa kwamba sijui kitu, na Mungu ni shahidi, sikujua.

"Hili si jambo la utani," baba akasema polepole.

"Nani kasema?"

"Mtani, hapa ni kaburini."

"Ndiyo maana nimekaa." Na akakaa tena.

Baba akamgeukia mchungaji. Mchungaji wetu alikuwa mtu wa amani, angetamani awe Urambo saa ile. Alikohoa. "Mzee," akasema, "umesema chochote. Ahadi ni deni. Na mvua hiyo inakuja."

"Nisainie wapi?" baba akauliza. Sikujua kama alikuwa anatafuta meza au anatafuta njia ya kutokea. Kila mahali palikuwa pamelowa, ardhi, migongo ya watu, vitabu vya nyimbo.

"Hapo pana meza," mtani akasema toka shimoni, na akanyoosha mwavuli kuelekea kwenye jeneza.

Hakuna aliyecheka. Baba akaingia chini ya turubai, akaifuta mbao kwa mkono wa koti, akaitandaza karatasi juu ya jeneza la mama yake. Kalamu ilitoka kwa balozi. Akainama akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi kama anavyoandika mtu aliyeishia darasa la nne, na alipomaliza hakuinuka. Alibaki ameinama, mkono juu ya ubao, muda mrefu. Sijui alisema nini pale, kama alisema. Alipoinuka akanipa karatasi bila kunitazama. "Shika. Isilowe."

Niliitia kifuani. Mtani akatoka kaburini kwa kuvutwa mikono, anadai wamemmwagia kahawa, na mvua ikafunguka yote. Tulipiga wimbo wa kumshusha bibi tukiwa tumelowa chapachapa. Besi lilijaa maji likawa linagugumia kama kiboko. Nilipuliza vile vile, machozi na mvua vikiingia mdomoni pamoja, nina furaha na nina aibu ya kuwa na furaha.

Muhuri nilipigiwa jioni ile ile msibani. Jumatatu fomu ikawa mezani kwa afisa utamaduni. Baba hakusema neno juu ya jambo hilo miezi mitano. Alifundisha, alikemea, aliomba chumvi mezani, lakini neno chuo halikumtoka. Barua ya kuitwa ilipokuja aliisoma, akaiweka chini ya kopo la grisi, akaendelea kunyoosha ringi.

Siku ya safari alikuja stesheni. Mama alinifungashia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na chupa ya asali. Baba alisimama kando na boksi dogo la bati, akaninyooshea wakati treni imeshapiga honi. Nikafungua: risasi ya kuchomelea, viraka, solusheni mbili mpya ambazo mji mzima ulikuwa hauna.

"Chumvi ya pwani inakula shaba," akasema. "Wasije wakakupa tarumbeta bovu ukakaa unalitazama."

Nilipiga magoti pale pale kwenye kokoto, nikasema, "Shikamoo baba," kama nimefika sasa hivi.

"Marahaba. Panda, utaachwa."

Mtani naye alikuwepo na birika lake, anawauzia abiria dirishani. Alinisogelea. "Babu zenu walikwenda kwa miguu na mizigo kichwani. Wewe unapakiwa kama bwana mkubwa. Ukifika kwetu usitie aibu, oga."

"Babu," nikamwuliza, "ile fomu uliipata wapi?"

"Kwa mwenyewe." Akamimina kahawa ya mtu, akapokea chenji, akarudi. "Bibi yako aliniambia: nikifa utakaa kaburini, ndivyo mlivyo. Usije ukaomba kuku siku hiyo. Kuku wako umeshampata, siku hiyo omba saini. Nikamwambia, basi usife haraka, kuku mmoja hanitoshi." Akafuta pua kwa kanzu. "Na alikuwa mgumu yule kuku! Nimemchemsha siku nzima. Bibi yako alikuwa tapeli."

Treni ikaondoka. Nililia Tabora hadi Itigi, kwa sauti, na mama mmoja wa Kigogo aliyekaa mbele yangu akamaliza matobolwa yangu yote akinibembeleza.

Nilisoma, nikahitimu, nikarudishwa mkoani kwetu kufundisha. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni inakatwa vipande kama keki. Wazazi walinijia na swali lile lile la baba yangu, maharage yale yale. Niliwajibu kwa upole wakati huo, nilikuwa bado kijana. Kati ya wanafunzi wangu alikuwemo mjukuu wa mtani, msichana mwembamba aliyekipiga kinanda cha shule kana kwamba kilikuwa kimemkosea. Nikamletea fomu. Baba yake, mtoto wa mtani, fundi cherehani mwenye adabu zake, akanikaribisha, akaninywesha chai bila sukari, akakataa.

"Mwalimu, nakuheshimu," akasema. "Lakini kwangu hapana. Mambo ya makaburini yalikuwa ya kwenu."

Nikarudi nyumbani nimevunjika moyo, nikaitupa ile fomu mezani, nikamsimulia baba. Alikuwa amezeeka, mikono inatetemeka, kazi kamwachia mdogo wangu. Alisikiliza, akasema "Ehe," akaendelea kusugua tarumbeta lake.

Wiki chache baadaye nikamwona anarudi toka kwa mtani, ambaye wakati huo alikuwa hainuki kitandani. Kwenye hendeli ya baiskeli alikuwa amening'iniza kuku, miguu juu. Nikauliza ni wa nini. Akasema ni wa kula. Tukamla Jumapili, sikufikiri zaidi.

Mtani akafa. Kwa Waislamu maiti haikai, alasiri ile ile alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda. Sisi wanawake tulikuwa uani, wanaume wamejaa hadi barabarani. Wakalibeba jeneza, wakafika mlangoni, wakasimama. Nikasikia minong'ono, kisha kicheko kimoja, kisha vingi. Nikajipenyeza nikachungulia.

Baba yangu, mzee wa kanisa, alikuwa amelala chali kizingitini, na suti yake ya kahawia, mikono kifuani. Kichwani amevaa kofia ya mtani. Pembeni yake ameweka birika la kahawa.

"Mzee wangu," shehe akasema, akijitahidi kutocheka, "maiti hacheleweshwi."

"Basi msimcheleweshe," baba akajibu, macho yamefumbwa.

Fundi cherehani akafuta machozi, akatabasamu kwa tabu. "Haya, mtani. Jamani, mpeni kuku baba huyu tupite."

"Kuku nilishakula," baba akasema.

Tabasamu la fundi likaganda. Akamtazama baba, akalitazama jeneza la baba yake begani mwa watu, kisha akageuka akamtafuta binti yake kati yetu wanawake. Msichana alikuwa ameshika mkono wangu, anauminya hadi unauma.

"Kalamu iko wapi?" fundi akauliza.

Baba akafumbua macho. Akaitoa mfukoni mwa koti, pamoja na fomu, akampa.